HELA YAKO INA TAJI! Makambako hadi Njombe kwa majina ya pesa

Makambako ni mji ambao Watanzania wengi wanaujua kwa kupitia dirisha la basi. Unatoka Dar alfajiri, unakatiza Mikumi, unapanda Kitonga roho mkononi, unaipita Iringa, unaipita Mafinga, na jua likianza kulegea unamsikia konda anapaza sauti: "Makambako hapa! Wa Njombe, wa Songea!" Mahindi ya kuchoma yanapitishwa dirishani, mayai ya kuchemsha na kachumbari yake, kisha wa Mbeya wanaendelea zao na wa Songea wanakata kushoto.

Leo, msomaji wangu, sisi tunashuka. Vaa sweta, maana baridi ya huku haina utani, hasa Juni na Julai. Tutazunguka Makambako, tutapanda haisi mpaka Njombe, karibu kilomita 60, na njiani tutapiga stori moja tu: pesa. Hatuongelei namna ya kuzipata, hiyo kila mtu anajua kwake. Tunaongelea majina yake. Kwa nini unaiita hela? Kwa nini shilingi? Kwa nini Mswidi, Mnorwe na Mdenmark wao wanaziita krona? Na haya majina yana undugu gani na gunia la viazi la Njombe? Usicheke, undugu upo, na ni wa damu kabisa.

MJI WA FAHALI

Tuanze na jina la mji wenyewe. Waulize wenyeji wa Makambako jina limetoka wapi, wengi watakuambia linatokana na madume ya ng'ombe, yaani mafahali. Basi ukisimama stendi ya Makambako umesimama kwenye mji wa fahali, na kwa mambo ya pesa huo ndio mwanzo hasa.

Warumi wa kale waliita pesa pecunia, na neno hilo limetoka kwa pecus, maana yake mifugo. Huko Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini kabisa mwa Ulaya, neno fé mpaka leo lina maana mbili: mifugo na mali. Kwao mtu mwenye kondoo wengi na mtu mwenye pesa nyingi wameitwa kwa neno lile lile. Sasa Mbena, Mhehe au Mmasai unataka kumfundisha nini hapo? Kwake ng'ombe ni benki yenye mkia. Anatoka kwenye mahari, anazaa riba bila kujaza fomu, na siku ya msiba anatoka tena.

Sehemu nyingi za Tanganyika ya zamani, jembe la chuma nalo lilikuwa mali ya kulipia mahari. Ng'ombe na jembe, vitu viwili ambavyo hata ukikosa mnunuzi bado unavitumia. Jaribu kulima na noti.

NJIA PANDA YA PESA TATU

Makambako ni njia panda kwa zaidi ya barabara. Ukizunguka mji huu nusu saa tu, unakutana na kazi za pesa tatu za kigeni, kila moja na jina lake.

Ya kwanza ni reli. Stesheni ya TAZARA iko hapa hapa. Reli hiyo ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, kwa mkopo usio na riba kutoka China wa yuani milioni 988. Yuani maana yake nini? Kitu cha duara. Wachina waliita hivyo kwa sababu ya sarafu za fedha za mviringo zilizoingia kwao, na yeni ya Wajapani imetoka kwenye neno hilo hilo. Kwa hiyo reli iliyonyooka kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi imejengwa kwa "maduara".

Ya pili ni lami. Barabara ya Makambako hadi Songea ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ufadhili wa Uingereza, yaani kwa pauni. Pauni maana yake ni uzito. Zamani pauni moja ilikuwa ratili moja ya fedha, ile fedha yenyewe inayong'aa, iliyokatwa vipande 240. Mzee wa Kiingereza alikuwa hahesabu pauni, alikuwa anazipima kwenye mizani. Hilo la mizani liweke kiporo, tutalirudia sokoni Njombe.

Ya tatu iko juu ya kichwa chako. Tazama zile nguzo kubwa za chuma zinazotoka kwenye kituo cha umeme cha Makambako kwenda Songea. Ni njia ya kilovolti 220, na Sweden ilitia mkono wake hapo kwa krona. Kabla ya njia hiyo, Songea walikuwa wanaishi kwa majenereta ya dizeli, umeme wa kubahatisha. Na krona maana yake ni nini? Taji. Lile la mfalme, la kichwani.

Duara, uzito na taji, vyote vimekutana kwenye mji wa fahali. Sasa twende Njombe.

DALA NA DALADALA

Ukipanda haisi ya Njombe kaa dirisha la kushoto au la kulia, popote utaona kitu. Misitu ya mbao, mashamba ya viazi, miparachichi iliyopangwa mistari, na mara moja moja ukungu unashuka kama mtu amefungua friji. Konda anakusanya nauli na abiria wananung'unika kama kawaida. Hapo ndipo nataka nikuulize: kwa nini gari la namna hii mjini Dar linaitwa daladala?

Watoto wa mjini wa zamani wanajua. Miaka ya 1980 mabasi ya watu binafsi yalipoanza kubeba abiria Dar, nauli ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano watu waliiita dala. Konda anapiga kelele "Dala! Dala!" na jina likaganda. Lakini hiyo dala yenyewe imetoka wapi?

Shika kiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1500, kwenye bonde moja la Bohemia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, walichimba fedha nyingi mno. Bonde linaitwa Joachimsthal, bonde la Mtakatifu Joakimu. Sarafu kubwa za fedha za pale zikaitwa thaler, "za bondeni". Zikasambaa. Wadachi wakasema daalder, watu wa Sweden na Denmark wakasema daler, Waingereza wakatamka dollar, na Wamarekani wakaifanya jina la pesa yao. Thaler ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa ilifika hadi Pwani na Zanzibar, wafanyabiashara wakaitumia miaka na miaka.

Kwa nini sasa kwetu dala ikawa shilingi tano na si kitu kingine? Hapo lawama tunamtupia Mwingereza. Kwake kulikuwa na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa crown, na mitaani waliipa jina la utani dola, kwa sababu kuna wakati dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi tano hivi za kwao. Na crown maana yake? Taji! Kwa hiyo, mshikaji, dala ya nauli ni binamu wa krona ya Sweden. Kila ukisema umepanda daladala, umesema umepanda mataji mawili. Si ajabu makonda wana maringo.

SHILINGI ALIKUWA NA NDUGU BARIDINI

Na shilingi je? Wengi tunadhani ni mali ya Mwingereza peke yake. Hapana. Shilingi ni neno la kale la makabila ya kaskazini mwa Ulaya, na huko Sweden, Denmark na Norway walikuwa nayo, wakiiita skilling. Wataalamu wa maneno wamegawanyika: wapo wanaosema linatokana na kulia kwa chuma, ngri! mezani, na wapo wanaosema ni kukata, yaani kipande kilichokatwa. Denmark ya zamani daler moja ilikuwa skilling 96. Norway daler moja ilikuwa skilling 120. Hebu fikiria kurudisha chenji kwenye haisi kwa hesabu hiyo.

Skilling hiyo hiyo imeacha hadithi moja tamu. Mwaka 1855 Sweden walitoa stempu zao za kwanza za posta. Ya skilling tatu ilitakiwa iwe ya kijani, lakini moja ikachapwa kwa rangi ya njano. Inajulikana moja tu duniani. Mwaka 1996 iliuzwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 2.8. Kikaratasi cha shilingi tatu kikanunua majumba! Wewe bado unachana bahasha za zamani za babu yako bila kuangalia.

Basi 1873 Sweden na Denmark wakaona mahesabu ya daler na skilling yanawachosha. Wakakubaliana kutumia pesa ya aina moja yenye thamani ya dhahabu, Norway akaingia 1875. Wakaiita taji: krona kwa Mswidi, krone kwa Mdenmark na Mnorwe, króna kwa Mwaisilandi. Kilo moja ya dhahabu safi ilitoa krona 2,480, na sarafu ya Stockholm ilipokelewa Copenhagen bila swali. Vita Kuu ya 1914 ikauvunja mpango huo. Majina yakabaki, thamani zikaachana. Ndio maana leo krona ya Sweden na krone ya Norway ni kama watoto wa baba mmoja wasiosalimiana benki.

Mfini hakuingia kwenye mataji. Yeye alikuwa na markka tangu 1860, na mark ni kipimo cha kale cha uzito wa fedha na dhahabu. Tunarudi kwenye mizani tena. Markka ilizikwa 2002 Finland walipoanza kushika noti na sarafu za euro. Wadenmark waliulizwa kwa kura mwaka 2000 kama wanaitaka euro, wakakataa. Waswidi wakaulizwa 2003, nao wakakataa. Watu wanashikilia taji lao.

Na senti ya krona inaitwa öre. Jina hili ni kituko, maana limetoka kwa Kilatini aureus, kitu cha dhahabu. Jina la dhahabu limepewa kidude kidogo kuliko vyote! Na kimekufa: Sweden waliondoa sarafu ya mwisho ya öre 2010, Norway wakafuata 2012. Tusiwacheke. Sisi tulikuwa na senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, na sumni, ile senti hamsini yenye sungura. Sumni ni thumuni, neno la Kiarabu la moja ya nane. Muulize mdogo wako wa darasa la tano kama amewahi kuiona sumni. Atakuuliza kama ni mboga.

KAMWENE, NJOMBE!

Umefika. Mji uko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mkoa wake ulianza 2012 baada ya kumegwa kutoka Iringa. Ukikutana na mzee usimrukie na "mambo vipi". Sema "Kamwene", naye atakuitikia "Kamwene", na kuanzia hapo wewe ni mtoto wa nyumbani. Ukitaka kutuliza macho nenda kwenye maporomoko ya mto Ruhuji, yako karibu na mjini. Ukitaka kutuliza koo, kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Uanze polepole, unaingia kama juisi na unatoka na akili yako.

Watu wa baridini Ulaya si wageni huku. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia wamisionari wa Kilutheri kutoka Sweden walishika nafasi za Wajerumani kwenye nyanda hizi. Miaka ya 1980 Danida ya Denmark ilifanya miradi ya maji ya bomba vijijini katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Njombe wakati huo ilikuwa Iringa. Kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, nacho kililelewa na nchi za Nordic. Kwa hiyo krona ilishapita huku kwenye mabomba na mbegu kabla haijapita kwenye nyaya.

Lakini kuna taji jingine lililotangulia, na hilo halikuja na maji.

HELA: STORI ISIYOCHEKESHA SANA

Wajerumani walipotawala walikuta Pwani inatumia rupia na pesa za Kihindi. Rupia asili yake ni neno la kale la India la fedha. Pesa ni paisa ya Kihindi. Wakatengeneza za kwao: rupia moja ikawa pesa 64. Mwaka 1904 wakaona hesabu ya 64 ni kero, wakaleta sarafu mpya ya shaba, rupia moja ikawa heller 100. Heller ni jina la mji wa Hall, kule Ujerumani kusini, uliokuwa unapiga visarafu vidogo tangu enzi za kati. Mswahili akalisikia heller, akalipiga pasi, likawa hela. Ujerumani yenyewe imeshaisahau heller. Sisi tunaiimba kila siku: sina hela, nipe hela, ana hela yule!

Sasa ukibahatika kuishika heller ya zamani (wazee wengine bado wanazo kwenye makopo ya vifungo) igeuze uangalie. Upande mmoja, juu ya maneno Deutsch Ostafrika, kuna mchoro. Ni taji. Taji la Kaisari wa Ujerumani. Yaani hela yako ya kwanza ilikuja na taji kichwani, sawasawa na krona.

Na taji halikuwekwa pale kwa urembo. Kodi ya nyumba ilianza 1898, na vijijini kiwango kilikuwa rupia tatu. Mbena wa wakati huo alikuwa na ng'ombe, ulezi, asali, jembe. Rupia hakuwa nayo, wala haioti shambani. Ili aipate ilimlazimu auze alichonacho au aende kufanya kazi ya mwenye rupia. Huo ndio ujanja wa jina krona ukiuelewa: mwenye taji ndiye anayeamua kipi ni pesa, halafu anakudai hicho hicho.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipanda kutoka kusini mpaka huku. Misheni ya Yakobi, karibu na hapa Njombe, ilishambuliwa na wapiganaji wa mtawala wa Wabena, Mbeyela. Sababu za vita zilikuwa nyingi, pamba ya lazima, viboko, kazi za shuruti, na kodi ilikuwemo. Wajerumani wakajibu kwa bunduki na kwa kuchoma vyakula. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kwa hiyo ukisema hela, unasema neno lililolipiwa.

Vita Kuu ilipowabana, mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wanapiga sarafu Tabora kwa shaba waliyookoteza, na nyingine ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Taji lilikuwa bado lipo kwenye zile za shaba, ingawa mwenyewe alikuwa anakimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mwingereza akaleta shilingi ya Afrika Mashariki, nayo yenye mfalme wake. Vijana wa Njombe wakaifuata Tanga kwenye mkonge, wakahesabiwa kwa namba mpaka wakaitwa manamba. Shilingi yenye mwenge na sura ya Mwalimu Nyerere ilikuja baada ya Benki Kuu ya Tanzania kufunguliwa Juni 1966. Hapo ndipo taji liliposhuka kichwani.

SADO YA MDENMARK

Twende sokoni sasa, huko ndiko mambo yalipo. Viazi vya Njombe unavijua hata kama hujawahi kufika. Ile chipsi yako ya kila jioni, Sinza au Mbagala, kuna uwezekano mkubwa ilianzia kwenye baridi hii. Mama muuzaji amepanga mafungu, na pembeni ana kopo la kupimia.

"Mama shikamoo. Sado shilingi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Wewe chukua, tutaelewana."

Sado! Kila mtu anaijua, kopo la lita nne, limejazwa mpaka lina kilima. Jina limetoka kwenye makopo ya rangi ya Sadolin, na Sadolin ni jina la ukoo la Mdenmark aliyeanzisha rangi hizo Copenhagen. Mdenmark huyo hakuwahi kuota kwamba siku moja jina lake litapima viazi, nyanya na maharage ya Wabena. Nchi yake ina krone, sisi tumechukua kopo. Na kwa kweli kopo hili lina haki kuliko pesa nyingi, maana wewe na mama mnaliona wote wawili, na kile kilima cha juu mnakijadili macho kwa macho.

Kasheshe iko kwenye gunia.

Ukitoka mjini kidogo kwenda mashambani utaliona limesimama kando ya barabara. Gunia limejaa, halafu juu yake limeongezewa kichwa kikubwa kilichoshonwa kwa kamba na nyavu, kama mtu aliyevaa kilemba cha harusi. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inazidi, lakini inanunuliwa kwa bei ya gunia moja.

Piga hesabu ndogo na mimi. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130. Mkulima akiuza magunia kumi ametoa kilo 1,300 na amelipwa kilo 1,000. Kilo 300 zimekwenda bure, yaani magunia matatu halali. Mbegu alinunua yeye, mbolea yeye, dawa ya ukungu yeye, mgongo wa kulima wa kwake. Viazi vikifika Dar vinamwagwa na kuuzwa upya kwa sado, na hapo hakuna tena cha bure. Kila kiazi kinalipiwa, mpaka kile chenye jicho.

Ukimuuliza mkulima kwa nini anakubali, jibu ni fupi: viazi havisubiri. Akikataa yeye, jirani atakubali, na lori likiondoka viazi vinaota mche. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi tu, Wakala wa Vipimo wanakamata na kutoza faini, halafu wiki mbili baadaye kilemba kinarudi.

Hapo ndipo yale majina yote yanapokaa mahali pake. Pauni ni uzito. Mark ni uzito. Sweden, mwaka 1644, kwa kuwa walikuwa na shaba nyingi kuliko fedha, walitengeneza sarafu ya daler kumi ambayo ilikuwa bamba la shaba lenye kilo zaidi ya 19! Mtu akienda dukani anahitaji mkokoteni wa kubebea pesa na mkono mmoja wa kubebea alichonunua. Ndio maana 1661 benki moja ya Stockholm ikawa ya kwanza Ulaya kutoa noti za karatasi. Ikatoa nyingi kupita kiasi, ikaanguka, na 1668 ikazaliwa Benki Kuu ya Sweden, kongwe kuliko zote duniani zinazofanya kazi mpaka leo. Lile bamba lilikuwa kichekesho, lakini lilikuwa na sifa moja: ukitilia shaka unaliweka kwenye mizani.

Wenzetu walianza kwa kupima, ndipo wakaweka taji juu. Mkulima wa Njombe amepewa noti nzuri yenye tembo na faru, ila mizani hana. Pesa isiyo na mizani upande wa pili ni karatasi ya kumzungusha mtu.

JERO, BUKU, NA JINA LIJALO

Vijana tusijione hatuna mchango. Serikali imesema shilingi 500, sisi tumesema jero. Elfu moja ni buku. Noti nyekundu ya elfu kumi ni Msimbazi, kwa heshima ya jezi ya Simba, na mashabiki wa Yanga nao wanaipokea bila kinyongo. Hela ikiwa nyingi ni mkwanja, ikiwa ya kuhangaikia ni mshiko. Na Vodacom walipoleta kutuma pesa kwa simu mwaka 2008, lile neno la Kihindi la visarafu vya shaba likafufuka na kuingia kwenye simu ya kila bibi kijijini. Pesa, hela, shilingi, dala: Mhindi, Mjerumani, Mwingereza na bonde la Bohemia, wote wamo mfukoni mwako, na hakuna anayelipa kodi ya pango.

Kuna jina moja bado halijapatikana. Novemba 2013 marais wa Afrika Mashariki walitia saini Kampala mpango wa kuwa na sarafu moja. Lengo lilikuwa 2024, mwaka ukapita, sasa unatajwa 2031. Siku ikifika itabidi iitwe kitu. Wabishi wanataka shilingi ibaki, kwani Kenya, Uganda na sisi tunayo tayari, na mababu zetu waliwahi kutumia shilingi moja mpaka 1966. Wengine watataka jina la mlima, ziwa au mnyama.

Mimi kura yangu sina ugomvi na jina. Iite tembo, iite ziwa, iite hata kiazi. Ila kabla ya kuichapa, kila kituo cha kununulia mazao kuanzia Makambako mpaka Njombe, Lupembe mpaka Wanging'ombe, kiwe na mizani inayofanya kazi, na mkulima asome namba kwa macho yake. Mkifanya hivyo, jina lolote litamkaa mdomoni vizuri.

Kwa leo naishia hapa, haisi ya mwisho ya kurudi Makambako inajaza. Na wewe uliye mjini, jioni ukiagiza chipsi, uliza bei ya sahani, halafu jiulize gunia lake lilikuwa na kilemba kirefu kiasi gani.